Kosa Lirudie Mara Tatu

Mwezi uliopita safu hii ilieleza jinsi ya kupata rangi jikoni: manjano, choya, majani ya chai, bluu ya kufulia. Barua zilizorudi haziulizi sana kuhusu rangi. Zinauliza kuhusu kuharibu. Karatasi imeharibika, sare imeharibika, mtoto analia, baba ana wasiwasi. Tumechagua nane.

Anafuta mpaka karatasi inatoboka

*Shikamooni. Binti yangu ana miaka saba. Anapenda sana kuchora, ila mstari ukienda upande anafuta, anachora, anafuta tena, karatasi inatoboka, kisha analichana daftari na kulia. Nimemnunulia raba nzuri zaidi, haikusaidia. Nifanyeje? – Mama Binti, Dodoma*

Marahaba, mama. Hiyo raba nzuri ndiyo imezidisha. Karatasi ya daftari ni nyembamba na ina ngozi laini juu yake. Raba ikipita mara tatu nne, ngozi hiyo inanyofoka na nyuzi zinasimama, kwa hiyo penseli inayopita hapo inaacha mstari mchafu kuliko ule wa kwanza. Mtoto anaona amezidi kuharibu, anafuta tena. Mkono wake hauna kosa. Karatasi imechoka.

Kwa nusu saa kila siku ficha raba na penseli, mpe peni. Kisha mpe karatasi ambayo tayari ni chafu, ili asiwe na usafi wa kulinda. Chemsha vijiko viwili vidogo vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika tano, chuja, acha ipoe kabisa. Usitie sukari, maana inaacha utando unaonata, na asubuhi utakuta sisimizi wameifanya picha mali yao. Tandika gazeti, weka juu yake kipande cha karatasi ya manila chenye ukubwa wa daftari, kisha binti adondoshe nusu kijiko cha chai kutoka urefu wa shubiri moja. Akidondosha kutoka chini atapata doa la duara. Akiinua mkono zaidi litaruka na kutoa miguu. Ainue karatasi pembe moja chai itiririke, au aipulize kwa mrija. Madoa matatu mpaka matano yanatosha.

Ikauke kabisa, na hapa msiwe na haraka: karatasi ikiwa na unyevu wino wa peni unasambaa na ncha inachimba. Ikishakauka mtaona ukingo wa kila doa umekoza kuliko katikati. Maji hukauka upesi zaidi pembeni, yakavuta rangi kwenda huko, na ukingo huo ndio mstari wa kwanza wa picha. Haukuchorwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Sasa aigeuze karatasi pande zote nne, kila upande ahesabu mpaka kumi akiwa anatazama tu. Doa linataka kuwa nini? Akishaona, aongeze vitu vitano tu kwa peni: jicho, mguu, sikio, mkia, chochote. Asizungushie doa lote mstari, kwa sababu akifanya hivyo atarudi kwenye kazi ya kutafuta mstari sahihi.

Manila ikijikunja, ni kwamba nyuzi za upande uliolowa zimevimba. Ifunike kifudifudi, pangusa mgongo wake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja.

Kinachoua mchezo huu kuliko vyote ni mzazi anayesema, "Mimi naona tembo!" Ukishasema tembo, mtoto hataona kingine. Kaa kimya, mama, hata kama tembo yupo kweli. Na kama kuna jirani atakayeuliza huo ni uchoraji gani, mwambie Alexander Cozens, mchoraji wa Uingereza wa karne ya 18, alifundisha wanafunzi wake kuanza picha za milima na miti kutokana na madoa ya wino.

Hamuoni mnalea wazembe?

*Mke wangu hunisomea safu yenu. Mnawaambia watoto wacheze, wasiogope kukosea. Sisi tulifundishwa kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi ni seremala. Mbao ikikatwa vibaya ni hasara. Hamuoni mnalea wazembe? – Baba Watatu, Iringa*

Methali hiyo ni ya kweli karakanani na hatuna ugomvi nayo. Kwenye karatasi tunaigeuza kichwa chini: kosa likirudiwa mara tatu linakuwa nakshi.

Chukua tone la rangi lililoanguka kwenye anga la picha. Likiwa peke yake ni doa, na jicho linalirudia kila mara kwa sababu halifanani na kitu kingine chochote pale. Ongeza la pili, jicho linaanza kulinganisha. Ongeza la tatu, jicho linapata mpangilio na kuacha kulaumu. Ila lazima matatu hayo yasikae kwenye mstari ulionyooka wala kwa umbali sawa, na yawe kubwa, la kati na dogo; yakilingana sana yanafanana na vifungo vya shati. Paa la nyumba likipinda, usilinyooshe: pindisha mlango, mnazi na nguo kwenye kamba kuelekea upande huo huo, na picha nzima itakuwa na upepo. Karatasi ikitoboka, toboa mahali pengine pawili, bandika karatasi ya rangi kwa nyuma. Ikichanika upande mmoja, chana na wa pili kwa vidole. Mkasi hapo hautumiki, kwa sababu ukingo wa mkasi na ukingo wa mchano haviendani, na kila mtu ataona ulijaribu kuficha.

Mtoto mzembe hawezi kufanya haya. Mzembe hata hilo tone halioni. Anayelirudia amelitazama: ukubwa wake, lilikotua, rangi yake ilivyochanganyika. Kama kuna mahali mchezo unaishia, ni pachache na ni pagumu. Wembe na kisu havichezewi. Brashi inaoshwa kabla haijakauka, na haisimamishwi kwenye kikombe kwa nywele zake, maana zikipinda hazirudi. Kazi ya mwenzako haiguswi, hata kama unadhani unaiboresha.

Na hata katika mbao, fundi mwenzetu, habari si rahisi hivyo. Mpingo hauna kubandika, kilichokatika kimekatika. Kuna simulizi inayorudiwa sana kuhusu Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1950: kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono, badala ya kukitupa akaendelea kuchonga kwa kufuata palipovunjika, na umbo lililotoka halikuwa tena la binadamu wa kawaida. Mtindo wa shetani, ule wa vinyago vyenye jicho moja na viungo vilivyopindana, unahusishwa na yeye.

Vile vipande vyako vilivyokatwa vibaya usivitupe. Chukua kimoja, sugua uso wake kwa brashi ya waya kufuata nyuzi kwa dakika mbili tatu mpaka sehemu laini ziliwe na zile ngumu zisimame, pakaza rangi nyembamba kwa sponji, kandamiza kwenye karatasi. Watoto watatu watashughulika hapo jioni nzima.

Wanafunzi 68, boksi moja la rangi

*Nafundisha gredi ya nne, wanafunzi 68, somo la sanaa dakika 35. Nina boksi moja la kreyoni 12 na rimu ya karatasi za A4. Wengi hawachori kabisa. Wanasubiri wamwone yule "anayejua" achore kisha wanakopi. Na mwalimu mkuu anataka kazi nadhifu ukutani. – Mwalimu, Kilifi*

Mwalimu, "anayejua" unamwondoa kwa kuhakikisha hakuna mtu mwenye picha yake. Tumia karatasi ya kukunja.

Kata karatasi 34 katikati kwa urefu; utapata vipande 68 vyembamba, kila kimoja sentimita 10.5 kwa karibu 30. Kila mwanafunzi akunje chake mara mbili ili kigawanyike mafungu manne, kisha akikunjue. Makundi ya wanne wanne ni 17. Fungu la juu: kila mmoja anachora kichwa, iwe cha mtu, cha mbuzi au cha birika. Mistari miwili ya shingo ivuke mkunjo kwa upana wa kidole. Anakunja kichwa kwa nyuma kisionekane, anampa wa kulia kwake. Huyo, bila kuchungulia, anaanzia kwenye mistari miwili aliyoachiwa na kuchora kifua na mikono. Fungu la tatu ni kiuno na mapaja, la nne ni miguu au chochote kinachobeba mwili. Dakika tatu kila fungu. Pamoja na kupokezana na kelele za kufunua mwishoni, hesabu dakika 20, na utabaki na muda wa rangi.

Kreyoni 12 zivunje katikati wewe mwenyewe, mbele ya darasa, kabla somo halijaanza. Zitakuwa 24: moja kwa kila kundi, saba akiba. Kuna watoto wanaoshika kreyoni kama yai kwa hofu ya kuivunja, na mtoto wa namna hiyo habonyezi, kwa hiyo rangi yake haionekani. Kundi likiwa na rangi moja tu halina ubishi wa rangi, na viumbe 68 tofauti vitapendeza ukutani.

Mambo matatu yatakwenda kombo. Wengine watasahau kuvusha mistari ya shingo, na wa pili hatajua aanzie wapi. Ukiona hivyo, pita ukiweka nukta mbili kwenye mkunjo. Kalamu za felti zitavuja upande wa pili na kufichua siri, kwa hiyo ruhusu peni na penseli tu. La tatu ndilo la kuangalia zaidi: mtu atachora kichwa cha mwenzake na kumcheka. Sema mapema kwamba hakuna majina wala sura ya mtu aliyemo darasani.

Alama zitoe kwa yale yanayoonekana. Mistari imevuka mkunjo, 2. Fungu lake limejaa mpaka pembeni, 3. Ameweka kitu kimoja ambacho hakikutarajiwa, 3. Kundi limempa kiumbe jina na sentensi moja ya Kiswahili inayosema anakula nini, 2. Jumla 10, na hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kipaji. Mwalimu mkuu akitaka unadhifu, panga viumbe vyote kwenye mstari mmoja, kingo za juu zikilingana. Unadhifu wa ukuta unatokana na upangaji zaidi kuliko kilichochorwa.

Mchezo huu ulipendwa sana na wasanii wa mkondo wa surealisti, waliopenda ndoto na mambo ya kubahatisha, mjini Paris katika miaka ya 1920. Walianza kwa kukunja karatasi za maneno, sentensi ikiandikwa na watu kadhaa wasioona walichoandika wenzao, kabla ya kufika kwenye picha. Ukikosa penseli siku moja, anza na hilo.

Kila rangi inaishia tope

*Wanangu wamechanganya manjano, choya na bluu kama mlivyosema. Kila picha inaishia rangi ya tope, na siku moja manjano yaligeuka mekundu yenyewe! Tunakosea wapi? – Bi Mkubwa, Unguja*

Tope linatokana na rangi tatu kukutana. Njano, nyekundu na buluu, kila moja inameza sehemu ya mwanga. Zikiwa pamoja hakuna kinachobaki cha kung'aa. Kanuni ya kuwapa watoto ni rangi mbili kwa kila karatasi, na vikombe viwili vya maji: cha kwanza cha kuoshea brashi, cha pili cha kusuuzia. Kikombe kimoja kikitumika kwa rangi zote, baada ya dakika kumi maji yenyewe ni rangi ya tatu. Pia wasipake rangi ya pili juu ya rangi mbichi ila wanapotaka zichanganyike.

Tope lililokwisha kupatikana lisimwagwe. Ligawe kwenye vifuniko vinne, ongeza njano kidogo kwenye kimoja, choya kwenye cha pili, bluu kwenye cha tatu, cha nne kiache kilivyo. Una udongo, ngozi, mawe na magome ya miti. Watoto wengi wanapaka watu kwa rangi ya chungwa kwa sababu hakuna aliyewapa kahawia ya kuchagua.

Kuhusu manjano kuwa mekundu: yamegusa sabuni, magadi au soda. Manjano hubadilika rangi yanapokutana na vitu hivyo, na kama bluu yako ya kufulia imechanganywa na soda au sabuni, jibu ndilo hilo. Lifanyeni kuwa mchezo. Koroga kijiko kidogo cha manjano katika vijiko vikubwa vitatu vya maji moto, paka karatasi nzima, ikauke. Yeyusha robo kijiko cha magadi katika nusu kikombe cha maji, chovya brashi safi, chora: mstari unatokea mwekundu wa kahawia. Aliyekosea akamulie ndimu juu yake, nao unarudi njano. Anaweza kwenda na kurudi mara kadhaa mpaka karatasi ilegee. Choya nacho huhama: kwa ndimu hukaza wekundu, kwa magadi huenda kwenye buluu na kijani. Msitundike picha hizi juani. Rangi ya manjano hupauka upesi mno.

Rangi ya mafuta imekunjamana

*Najifunza kuchora kwa rangi ya mafuta kwenye silingi bodi. Nilikosea shingo ya twiga, nikapaka rangi nzito juu yake niifiche, asubuhi ikakunjamana kama ngozi ya kizee. Bodi nzima imeharibika? – Kijana wa Mbagala*

Bodi haijaharibika, ni wewe uliwahi. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa, kwa hiyo inajifunga juu kwanza huku chini ikiwa bado laini. Rangi ya pili ikija, thina iliyomo ndani yake inailainisha na kuivimbisha ile ya chini, na ngozi ya juu inakosa pa kukaa, inajikunja. Rangi nzito na jua kali vinaongeza.

Iache siku tatu nne bila kuigusa. Ukucha ukibonyeza bila kuacha alama, piga msasa namba 180 mpaka mikunjo ilale, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo, paka rangi nyembamba, subiri usiku mzima, paka ya pili. Mara nyingine ukikosea kwenye rangi mbichi usiifunike. Ikwangue pale pale kwa kipande cha kadi ya vocha, pangusa, uendelee. Dakika kumi za mwanzo ndizo za kurekebisha. Baada ya hapo mikono mfukoni mpaka ikauke. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi hiyo hiyo juu ya bodi hizo hizo, na rangi ya namna hii haina raba. Angalia kazi za mtindo wake: mandhari tambarare kwanza, mnyama juu yake ikishakauka, madoadoa mwishoni. Mpangilio huo unakupa nafasi ya kusubiri kila hatua.

Lakini kabla hujapiga msasa, itazame mikunjo. Huo ni mgongo wa mamba. Ni goti la tembo. Ukitaka kuupata kwa makusudi, paka rangi nzito sehemu hiyo tu, iache ishike juu kwa saa chache, paka nyingine nzito, weka bodi juani ikiwa imelala. Ikisimamishwa, rangi itashuka na kutengeneza machozi. Usiipandishie bodi nyingine kabla wiki haijapita.

Daftari zuri lisiloguswa

*Mimi ni mhasibu, miaka 41. Nilinunua daftari ghali la kuchorea ili nipumzishe akili jioni. Miezi mitatu ukurasa wa kwanza bado mweupe. Mkono wangu hauna kipaji na kazini kosa la tarakimu moja ni kesi. – Mhasibu, Nairobi*

Daftari lifungue katikati, si mwanzo. Kisha likatae kabisa kwa wiki moja, ufanye zoezi hili kwenye karatasi zilizochapwa upande mmoja, zile za kutupwa ofisini.

Bandika karatasi mezani kwa selotepu pembe zote nne, isisogee. Mbele yako weka kitu chenye vikorokoro: kiatu chenye kamba, tangawizi, birika. Toboa kipande cha boksi katikati, pitisha peni humo, ili boksi liufunike mkono wako na usione unachochora. Weka jicho kwenye ukingo wa kiatu, weka ncha kwenye karatasi, na viende pamoja kwa mwendo wa konokono. Jicho likisimama, peni isimame. Usiinue peni. Kiatu kimoja kichukue dakika tano kamili. Ukimaliza kwa dakika moja, hukuchora kile kiatu, umechora kiatu unachokikumbuka, na hilo ndilo kosa kubwa la zoezi hili. Lingine dogo ni karatasi kufinywa: tumia nafasi yote, kamba zikitoka nje ya ukurasa ziache.

Ukiinua boksi, kisigino kitakuwa kimeachana na soli na kamba zitakuwa zimejichora hewani. Sasa tazama mistari yenyewe. Ina mitetemo na kona ambazo mkono unaojitahidi kuwa nadhifu hauwezi kuzitoa. Fanya tano, tia tarehe, chagua ile inayokutia aibu zaidi, ijaze kwa kahawa baridi kwenye maumbo yote yaliyojifunga yenyewe.

Kwa mhasibu kuna na starehe nyingine. Risiti nyingi za mashine zimechapwa kwenye karatasi inayogeuka nyeusi ikipata joto. Chukua risiti usiyoihitaji tena (hakikisha!), pasha mgongo wa kijiko, chora juu yake upande unaong'aa. Mstari hautabiriki, haufutiki, na kijiko kikipoa unaisha wenyewe. Zilizokupendeza zibandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ghali, ukurasa utakuwa umekwisha kuchafuka.

Kikombe kilichovunjika

*Nimeona Wajapani wanaunganisha vyombo kwa dhahabu. Tunaweza nyumbani? – Msomaji, Muscat*

Kazi hiyo huitwa kintsugi, na ya asili hutumia utomvu wa mti uitwao urushi pamoja na unga wa dhahabu. Utomvu huo unahitaji unyevu na muda mrefu ili ukauke, na ukiwa mbichi unaweza kuwasha ngozi vibaya. Nyumbani tumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, vipimo sawa sawa, changanya na unga wa rangi ya dhahabu unaouzwa kwa wapambaji. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu aina nyingi hushika kwa dakika tano. Anza na vipande vikubwa viwili, shikilia mpaka vitulie, kisha kinachofuata. Ukiunganisha vitatu kwa mpigo, cha mwisho hakitaingia. Gundi ikifura nje ya ufa, iache ifure, huo ndio mshono. Kikombe hicho kisinywewe chai tena. Tia maua.

Sare ya shule

*Mnasema watoto wachafuke. Nani anafua? – Mama anayefua, Tanga*

Swali la haki. Shati jeupe la shule lisivaliwe siku ya rangi. Fulana kuukuu ya baba, mikono ikiwa imekunjwa, inafunika mtoto mpaka magotini. Ikishatokea: gundi nyeupe na rangi za maji, loweka kwa maji baridi kabla hazijakauka. Wino wa peni, weka kitambaa chini, gonga kwa pamba yenye spiriti ukibadilisha pamba, usisugue, maana unausambaza. Kreyoni, kwangua iliyobaki juu, weka kati ya karatasi mbili zisizo na maandishi, pitisha pasi ya moto mdogo. Nta itahamia kwenye karatasi. Manjano yatakushtua, kwa sababu ukipaka sabuni doa linakuwa jekundu. Usiongeze sabuni kwa hofu. Suuza mpaka maji yatoke safi, rangi itarudi njano, kisha anika doa likiwa limeelekea jua kali. Siku mbili tatu za jua la Tanga hufifisha manjano kuliko sabuni yoyote.